Kiwingu cha Baba na Kamera ya Watoto

Tunduma,
Mwezi wa Sita, Ijumaa baada ya swala

Dada yangu Zainabu,

Asalaam aleikum. Kabla hujaenda mstari wa pili, simama hapo. Kama umeshakaa mlangoni na Baba ameshatega sikio, ikunje barua hii uitie kwenye pindo la kanga, umwambie Baba kwamba Rajabu wake ni mzima, anasalimia, anauliza mtama. Halafu ingia jikoni uisome peke yako. Najua desturi yenu ya kunisoma kwa sauti mpaka jirani anayepita njiani anajua nimenunua viatu. Hii ya leo si ya mlangoni.

Na kweli nauliza mtama. Mlivuna salama au ndege walitangulia? Ule mguu wako uliokuwa unavimba umetulia? Na Baba, tangu jicho la pili nalo lifunge, anakula vizuri, analala? Usinifiche kitu. Mwaka huu nimefichwa vya kutosha.

Mimi mwili hauna neno. Baridi ya huku mwezi huu inashuka kutoka milima ya Mbozi, asubuhi mikono haishiki randa mpaka niipashe kwa kikombe cha chai, na chai yenyewe tupu, sukari dukani tunaisikia tu. Kazi ipo. Malori ya kwenda na kutoka Zambia hayaishi kuvunjika mbao za bodi, na fundi wao ni mimi. Kinachoniuma ni moyo, na aliyeuumiza ni Idi.

Idi huyo huyo unayemfikiria. Mpiga picha, mtoto wa Mama Saumu wa nyumba ya chini, ambaye siku naondoka nyumbani Baba alimshika mkono, akaushika na wangu, akamwambia, "Idi, huyu mdogo wako, nakukabidhi." Wewe ulikuwa pale unajifanya unapepeta, machozi yanadondokea kwenye ungo. Tangu siku hiyo nimekaa naye nyumba moja hapa Tunduma, milango inatazamana, sahani moja, ndoo moja ya maji. Nikiumwa yeye ndiye anayenipikia uji. Ndiyo maana nikikwambia alichonifanyia utaona kama natunga.

Dada, ile picha ya kiwingu niliyowatumia mwaka jana ni ya uongo. Nivumilie nieleze kwa utaratibu, maana nikianza na hasira nitaandika matusi, na karatasi zenyewe hizi nimeziomba kwa watu.

Wewe ndiye uliyenitia katika kazi hii bila kujua. Uliniandikia kwamba jicho moja la Baba limeshafunga na la pili linaona kitu kikiwa karibu tu, juani, tena kiwe kikubwa. Ukasema ameuliza kama mtoto, kile kiwingu chetu bado kipo? Uliandika kwa kutania, lakini siku hiyo mimi kazi ilinishinda. Nilikumbuka tukiwa juu ya dungu tunalinda mtama, sisi wawili na Baba, moto wa kufukuzia nguruwe unawaka chini, naye anatuonyesha upande wa kusini, kando ya zile nyota nne ambazo Wakristo wa huku wanaziita Msalaba. Pale palikuwa na kile kipande cha ukungu ambacho upepo haukihamishi. Wewe ulikuwa unasema ni moshi wa jiko la malaika. Baba alikuwa anasema baba yake alimwonyesha kikiwa pale pale, na sisi tutawaonyesha wa kwetu. Basi nikasema, Baba hawezi tena kukifuata kiwingu, nitakipiga picha, ikuzwe iwe kubwa, aishike mkononi juani kabla jicho halijafunga.

Usicheke, jambo hilo linawezekana. Kuna mtaalamu alikuja kuchunguza kile kimondo cha Mbozi, gari likamfia hapa Tunduma, akakaa akisubiri spea mpaka akazoeleka. Mimi nilimtengenezea sanduku la vyombo vyake. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kiwingu cha Baba kinaitwa nebula, kwamba ni hewa na vumbi, na kwamba ndani yake nyota zinazaliwa. Nikamwambia dada yangu alisema ni jiko, akasema dada yako hakukosea sana. Akanieleza kuwa kamera ya kawaida inatosha, ila jicho lake liachwe wazi kwa muda mrefu, na kwa kuwa anga linazunguka, lazima kamera ilifuate. Hilo la kufuata ni useremala tu. Mbao mbili, bawaba moja, bolti ndefu. Bawaba unaielekeza kule kusini ambako anga linazungukia, kamera unaifunga kwenye ubao wa juu, halafu unazungusha bolti polepole, na ubao unapanda kidogo kidogo pamoja na nyota. Nilitumia mninga safi, nikaupiga na msasa, ingawa nyota hazijali msasa.

Shida ilikuwa mwanga. Uani kwetu kumepakana na uwanja wa malori, na uwanja una taa kubwa juu ya nguzo zinazoupita mnara wa msikiti. Zikiwaka, anga la Tunduma linageuka rangi ya uji, nyota zinabaki chache za kuonea huruma. Nikaomba magunia ya kahawa kwa mama mwenye nyumba, Mnyiha mmoja asiyependa maneno mengi, nikayashona na kuyatundika juu ya ua, upande wote wa taa. Akaniuliza, "Fundi, unamfungia nani humo ndani?" Nikamwambia nazifungia taa nje. Akatikisa kichwa akaenda zake. Bado mwanga ulipita juu ya magunia. Jioni nzuri zilikuwa zile za jenereta kukosa dizeli. Mji mzima unanung'unika, wenye maduka wanatafuta vibatari, na mimi peke yangu natoka uani nikifurahi kama mwizi.

Mkanda wa picha madukani haukuwepo. Kuna dereva mmoja wa Zambia, Mulenga, mtu asiye na haraka, kila akisema neno lazima alifunge na "mukwai" yake, neno la heshima la kwao. Nilimtengenezea kitanda, yeye akaniletea mkanda mmoja kutoka kwao, ameuficha ndani ya soksi. Niliupokea kwa mikono miwili nikampa Idi. Mimi ni fundi wa mbao, mambo ya mkanda siyajui. Akaingia nao chumbani kwake gizani, akatoka na kamera imefungwa, akasema, "Mdogo wangu, usiifungue hata iweje. Mwanga ukiingia, basi tena." Nikaapa sitaifungua. Na sikuifungua, Dada.

Basi jioni baada ya isha nilikuwa nakaa kwenye kigoda, shuka mabegani, nazungusha bolti. Kamera iko mbele ya uso wangu kabisa. Lori likipita na taa zake naiziba kwa kofia yangu, likiondoka naifunua. Vidole vinakufa ganzi. Nikimaliza picha moja navuta kile kipini chake cha kusogeza mkanda, naanza nyingine. Idi wakati mwingine alikuwa ananiletea chai, anachuchumaa karibu yangu na kuniuliza, "Kinaonekana?" Namjibu, kinaonekana kwa mbali. Hilo ndilo linalonirudia kila nikilala, kwamba alikuwa analeta chai.

Nilipomaliza alichukua kamera akajifungia ndani. Akatoka na ile picha mliyoiona. Kubwa, nyeusi tii, nyota zimetapakaa, na katikati wingu jeupe limefumka vizuri. Mimi nilisujudu pale pale uani. Nikaipigia fremu, nikaituma kwa msafiri wa huko Kondoa. Ukanijibu kwamba Baba alikaa nayo juani mchana kutwa, ameisogeza mpaka puani, na kwamba alisema, "Kimekua." Neno hilo nilitembea nalo mji mzima nikimsimulia kila mtu, na wa kwanza kumsimulia alikuwa Idi. Alitazama chini akasema, Alhamdulillahi. Barua yako iliyofuata ndiyo iliyoniambia jicho limefunga.

Sasa njoo mwaka huu. Baada ya Pasaka yao Idi alipata harusi ya kupiga picha kule Nanyala, binti wa mkulima mmoja wa kahawa. Akaniomba nimsindikize nimshikie taa, kama siku zote. Wewe hujui harusi za huku. Mpiga picha akitokea, watoto wa kijiji kizima wanamzunguka, kila mmoja anataka apigwe, na mkanda ni wa bibi harusi. Wapiga picha wana ujanja wao. Wanakuja na kamera ya pili isiyo na mkanda ndani. Wanawapanga watoto mstari, wanawamulika mara moja, watoto wanaruka kwa furaha wanakwenda zao. Mimi mwenyewe nimewahi kuwamulika, tukacheka wote. Hakuna mtoto anayekuja baadaye kudai picha.

Siku hiyo Idi alinipa kamera zote mbili nimshikie, zinafanana kama pacha. Nikamuuliza, ya watoto ni ipi? Yeye yuko katika kumnyoosha bwana harusi kola, hakunitazama. Akasema, "Vuta kipini, angalia hicho kifundo cha kushoto. Kikizunguka, mkanda umo. Kisipozunguka, ndiyo hiyo ya watoto." Nikavuta. Kifundo hakikuzunguka. Nikaigeuza kamera chini, nikakuta gundi yangu ya mbao imegandia pale nilipoifungia kwenye ubao mwaka jana.

Dada, mimi nilikaa na kifundo kile mbele ya macho yangu jioni zile zote. Hata taa za uwanja nilizokuwa nazitukana zilikuwa zinakimulika nikione. Nilivuta kipini, nikavuta tena, na kifundo kimetulia kimya. Nilidhani ndivyo kamera ilivyo. Nikabaki nimesimama pale Nanyala, watoto wananivuta shati, "Mjomba tupige, mjomba tupige," nikashindwa kuinua mikono.

Pale harusini sikusema kitu, shughuli ya watu haiharibiwi. Nilimuuliza tukiwa barabarani tunasubiri lori la kuturudisha.

"Idi, mkanda wa Mulenga uliupeleka wapi?"

Hakujifanya hajui. Aliweka begi lake chini, akakaa juu yake. "Kulikuwa na watu wamekwama mpakani, wanataka picha za pasi, na mkanda mji mzima hakuna," akasema. "Nikajua nitapata mwingine nikuwekee. Haukupatikana."

"Ukaniacha nikae kwenye baridi na kamera tupu?"

"Ningekwambiaje? Ulikuwa umeshatundika magunia."

Nikamuuliza, na ile picha ni nini. Akasema ni unga wa ngano. Aliunyunyiza juu ya karatasi ya picha mle gizani, akaupuliza kidogo ukae kama wingu. Nyota ni dawa ya meno, aliirusha kwa mswaki kwenye kioo, akakishika juu ya karatasi. Akamulika, akaondoa unga, akasafisha, palipozibwa pakabaki peupe, ikatoka picha. Alikuwa anaeleza kama fundi anavyoeleza kazi yake, na Mungu anisamehe kama nimekosea, nilisikia na majivuno kidogo ndani ya sauti. Halafu akasema neno ambalo sitalisahau. Akasema, "Kwani mzee hakufurahi?"

Nikamjibu, "Na watoto wa Nanyala wamefurahi." Lori likaja, tukapanda nyuma, yeye kona ile na mimi kona hii, mpaka Tunduma.

Nimeumia, Dada, wala sitaki kulipamba neno hilo. Angeniambia, Rajabu, mkanda nimeutumia, ningemfokea siku mbili, ningemtengenezea Mulenga kitanda kingine, yangekwisha. Baba alikuwa bado ana jicho. Muda ulikuwepo. Huo ndio aliouchukua, mkanda si kitu. Kitu cha mwisho ambacho Baba amekitazama kwa jicho lake, akakiita kiwingu cha baba yake, ni unga wa maandazi. Na lile neno lake, kimekua, mimi nililichukulia kuwa ni furaha. Sasa najiuliza kama hakuwa anashangaa, akanyamaza kwa sababu picha imetoka kwa mwanawe. Nikifika hapo naacha kalamu naenda kupasua mbao ambazo hakuna aliyeziagiza.

Bado tunakaa nyumba moja, maana pa kuhamia sina, lakini sahani ni mbili sasa. Asubuhi ananisalimia mlangoni, naitikia salamu kwa kuwa salamu ni ya Mungu, basi. Wiki iliyopita alikuja na ile kamera mkononi, akasema, "Chukua iwe yako, mimi nitatumia moja." Nikamwambia sina watoto wa kuwamulika. Kesho yake aliniwekea kikombe cha chai kwenye kizingiti. Kilipoa pale pale mpaka mama mwenye nyumba akakimwaga, akasema nyumba yake si mahali pa kuzoesha inzi.

Nilimweleza Mulenga yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, mukwai," akaondoka na lori lake. Safari iliyofuata akarudi na mkanda mwingine, na safari hii hakutaka kitanda wala kigoda. Nikaenda Vwawa kwa mpiga picha mwingine, mzee asiyenijua kabisa, nikamwachia randa yangu kubwa kama dhamana, akaniazima kamera na kunifundisha kuuweka mkanda mwenyewe chini ya blanketi. Niliporudi uani nilivuta kipini, kifundo kikazunguka. Nilikaa nikikitazama, nikasahau kwamba nimekuja kwa ajili ya nyota. Nilipomaliza nikarudi Vwawa, nikasimama nje ya chumba chake cha giza mpaka akatoka. Alidhani mimi ni askari.

Picha yenyewe imo humu kwenye bahasha. Ni ndogo na ni mbaya. Upande mmoja wote umeungua kwa taa za uwanja, kwa kuwa mwaka huu jenereta haikosi dizeli, kana kwamba inanisikia. Ule mstari mweupe unaokatiza chini ni lori lililonipita kabla sijafika kwenye kofia. Lakini tazama juu, kando ya zile nyota nne, kuna doa la kijivu kama mahali mtu aliposhika kwa kidole chenye majivu. Ndicho chenyewe. Hakijakua, kiko vile vile tulivyokuwa tunakiona kutoka kwenye dungu.

Nilipoanza barua hii nilitaka uniahidi kwamba hutamwambia Baba. Nilitaka hii uifiche sandukuni, ile ya unga ibaki ukutani, naye abaki na furaha yake. Hapo juu nimeacha kuandika nikaenda kuswali laasiri, nimerudi, nimeisoma upya, na nimeona kwamba hayo niliyotaka kukuomba ni maneno ya Idi. Kwani mzee hakufurahi. Nikinyamaza mimi, Baba anakuwa mmoja wa wale watoto wa harusini, na aliyeshika kamera ni mimi.

Msalimie shemeji, mume wako, mwambie mlango wa ghala asiuguse kwa nyundo yake ile, nitautengeneza mwenyewe nikija. Shangazi aliyenipa shuka mwambie shuka lake ndilo lililofanya kazi yote ya uani, anastahili sifa kuliko mimi. Mjomba wa mbuzi, msalimie yeye na mbuzi wake. Na Mama Saumu, mama yake Idi, msalimie kama siku zote, mchotee maji akikosa mtu. Yeye hajanikosea. Akiuliza mwanawe, mwambie ni mzima na kazi anapata.

Sasa itoe picha uipapase upande wa mbele. Nimeitoboa kwa sindano kutoka nyuma, tundu moja kwa kila nyota ya zile nne, na pale penye kiwingu vitundu vidogo vimekaa pamoja, ili kidole kikipita mbele kikwaruzwe. Toka jikoni. Mkalishe Baba mlangoni, majirani waambie warudi kesho. Mpe aishike, mshike kidole, umfikishe kwenye nyota na umwache mwenyewe atafute cha kando. Akishakipata, msomee barua hii yote, kuanzia pale nilipokwambia usimsomee.

Ni mimi mdogo wako,
Rajabu